Baiskeli ya Chumbani kwa Fundi

Kwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, siyo umesimama, maana ni ndefu na miguu yako naijua. Shemeji hajambo? Kile kikohozi kimekwisha au bado anakificha? Watoto wote wazima? Huku sisi tupo. Mvua imegoma, vumbi limezidi, kazi inaendelea. Mimi mzima, ila mgongo ndio bado, nao unaelekea kupona.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, kisha salio linakwisha. Na haya ninayotaka kusema nikikatwa katikati sitarudia. Kwa hiyo uvumilie mwandiko. Kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko jokofu.

Ulimtuma mwanao aniulize kama ni kweli nimenunua vyuma vya mazoezi, na kama kichwa changu kiko sawa. La kwanza ni kweli. La pili sijui. Ndiyo, mimi ninayebeba makabati na majokofu toka asubuhi mpaka jua lipoe, nimenunua vyuma vya kunyanyua nikirudi nyumbani. Najua ulivyocheka. Angekuwa mtu mwingine na mimi ningecheka. Sababu yake ni wivu, Dada. Nimeshasema. Sasa nieleze.

Unamkumbuka Redio, mwenzangu wa kazi. Yule mwembamba aliyekuja msibani kwetu akaongea mpaka watu wakasahau kulia. Anaitwa Redio kwa sababu hazimiki. Tumebeba pamoja miaka mingi. Kazi yetu iko hivi: mmoja anatangulia kinyumenyume, amegeuza shingo, mwingine yuko nyuma na uzito. Wa nyuma haoni kitu, uso wake uko kwenye mzigo. Wa mbele ndiye anayesema: ngazi, kona, kulia kidogo, kuna mtoto. Wa mbele ni Redio siku zote, maana ana mdomo. Wa nyuma ni mimi, maana nina mgongo. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimeingia nyumba za watu kwa macho ya Redio, na sijawahi kumtilia shaka. Nakuambia hili ujue nilianzia wapi.

Halafu kuna Fundi. Huyu humjui. Ni mwanamke anayeshona, amepanga chumba kinachotazamana na changu, ua uko katikati. Si msichana, na mzee hajawa. Aliwahi kuolewa, mume akaenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine huko huko. Anashona sare za shule. Cherehani yake ni ya miguu, inaanza kabla sijatoka asubuhi na inanyamaza nikishakula jioni. Maneno yake machache, ila akisema limesemwa. Akicheka anachekea puani. Mimi sikuwa na jambo naye. Namsalimu, ananisalimu. Kifungo kikining'oka ananishonea, nasema asante, naondoka.

Mwaka huu miguu ikaanza kumvimba, na kiuno kikawa kinamkamata. Akaenda hospitali. Huko mtu wa mazoezi ya viungo akamwambia ugonjwa wake ni kiti. Atafute kitu cha kufanyia mazoezi nyumbani, akitumie kila siku, si lazima kiwe kikubwa. Basi akaja dukani kwetu.

Tajiri wetu zamani alikuwa anauza vitanda na makabati tu. Sasa ameingiza na vyombo vya mazoezi, amevipanga dirishani vinang'aa. Kuna mashine za kukimbilia, zile ambazo mtu anakimbia na ukuta uko palepale. Kuna baiskeli zisizokwenda popote. Kuna mashine ya kuvuta kama mtu anapiga kasia. Kuna vyuma, kamba za kuruka, mipira ya kuvuta, mikeka laini. Watu wananunua sana. Sisi ndio tunaowapelekea, na wakihama nyumba sisi ndio tunaohamisha, ndiyo maana mwisho wake naujua. Mashine ya kukimbilia inageuka kamba ya kuanikia nguo. Moja tuliikuta kuku anaatamia juu yake, na mwenye nyumba akatuomba tuibebe taratibu tusimsumbue.

Siku aliyokuja Fundi ilikuwa mchana. Tajiri hayupo, muuzaji ameenda kula. Tuko sisi wawili tumekalia godoro lenye nailoni. Fundi akasimama mbele ya vile vyombo, tepu yake ya kupimia ingali shingoni, akauliza kati yetu nani anajua mambo haya. Aliuliza akinitazama mimi. Nasema kweli tupu, Dada, alinitazama mimi kwanza.

Nikajibu ninachokijua. Nikamwambia achukue mkeka na mpira wa kuvuta, basi. Nikamwambia chumba chake kina kitanda, cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa, hiyo mashine ataiweka wapi, kichwani? Tena nikaongeza kwamba mtu asiyependa jasho asinunue kitu cha jasho. Nilikuwa nataka kumwokoa asitupe pesa. Lakini yalivyotoka yalitoka kama namtukania umaskini na uvivu kwa mkupuo mmoja. Fundi akaniuliza nimejuaje kilichomo chumbani mwake. Nikasema mlango ukiwa wazi si unaonekana. Hapo ndipo nilipojizika kabisa.

Redio akaruka kutoka kwenye godoro. Akaomba ile tepu. Wala hakungoja apewe, aliitoa shingoni kwa Fundi mwenyewe, taratibu, kama mtu anayevua mkufu wa dhahabu. Akapima baiskeli urefu na upana. Akauliza meza ya kukatia iko ukuta gani. Akamwambia mashine ya kukimbilia ina kelele, ua mzima utamchukia, na inakula umeme. Ya kasia itamvuta kiuno kabla hakijawa na nguvu. Kamba ya kuruka, paa lake ni la chini. Lakini baiskeli, akasema, inakaa mahali pa kiti kimoja, haipigi kelele, na magoti hayagongwi. Akamwambia tena yeye ni dereva wa siku nyingi, cherehani ya miguu ni baiskeli tayari, sasa anahamia gari jipya tu.

Fundi akacheka kwa pua. Na mimi nikaona niseme kitu. Nikasema kama kupiga pedali ni dawa basi angekuwa ameshapona, maana anapiga kutwa. Hakuna aliyecheka. Fundi akasema mguu ndio unaopiga, mgongo umekaa, hiyo ndiyo tofauti. Akachukua baiskeli.

Tuliipeleka jioni ileile. Baiskeli yenyewe naweza kuiweka bega moja nikaenda nayo huku napiga mluzi. Redio akashikilia lazima tuwe wawili, eti ina kioo. Akatangulia kinyumenyume kama kawaida, na Fundi nyuma yake anamwelekeza. Ikawa sasa Redio anasikilizana na Fundi, mimi huku naona gurudumu tu. Kwenye kizingiti hakusema kizingiti. Nikajigonga kidole cha mguu, ukucha ni mweusi mpaka leo. Nilipomwuliza akasema samahani, alidhani nimekiona. Miaka yote hiyo hajawahi kudhani nimeona.

Ndani ikaja habari ya kiti. Redio akasema kiti cha baiskeli ya mazoezi lazima kilingane na nyonga ya mwenyewe, kikiwa chini goti litauma, kikiwa juu kiuno kitacheza. Akamsimamisha Fundi ubavuni mwa baiskeli, akaweka kiganja hewani kupima. Hakumgusa, nisimsingizie. Lakini kile kiganja kilikaa hewani muda mrefu kuliko kazi yake. Mimi nilikuwa nimeshika spana. Wacha tu.

Tangu siku hiyo Redio akahamia uani kwetu. Leo amekuja kukaza kiti. Kesho amekuja kukilegeza. Nikajiuliza hicho ni kiti au ni jino. Anakaa upande wa pili wa mji, lakini ghafla kwetu kukawa njiani. Akawa anaoga kabla ya kuja. Akawa anapiga pasi mashati. Redio, Dada, mtu ambaye mikunjo ya shati lake tulikuwa tunaitambua mmoja mmoja.

Mimi nakaa kwangu nakula. Nasikia ile baiskeli inavyozunguka, na juu yake sauti ya Redio, anahadithia. Hadithi zenyewe nazijua, nyingine mimi ndiye niliyemo. Ile ya kuku na mashine aliisimulia kama yeye ndiye aliyemwona kuku kwanza, wakati mimi ndiye niliyemwona. Fundi anacheka. Na cherehani ikawa inanyamaza mapema. Sikuwa najua kama ile cherehani ndiyo iliyokuwa inanisaidia kumeza mpaka iliponyamaza.

Siku moja nikapita mlangoni pake, mlango wazi, nikaona kiti cha baiskeli kimeshonewa mfuko. Kitambaa cha bluu chenye mistari myeupe. Nikasimama. Kitambaa kile nakijua. Ni shati la zamani la Redio, lile lililochanika kwapa tulipokuwa tunashusha kabati la daktari. Kumbe alilileta lishonwe, likaonekana halifai, likakatwa. Dada, nililala nikiwaza jambo moja tu: yule mwanamke kila jioni anakalia shati la Redio.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nikaanza kumchukia Redio kwa vitu vidogo. Anavyokohoa. Anavyotafuna. Kazini nikawa simjibu. Akisema kona, naenda bila kuitika. Akauliza nina nini, nikasema sina. Akasema basi huko kutokuwa na kitu kumenivimbisha uso.

Kilichonimaliza ni maneno ya bombani. Fundi alikuwa anateka maji na jirani yetu, mke wa mpaka rangi, na mimi niko ndani nimelala. Akamwambia miguu imeanza kupungua, na Redio amemsaidia sana, maana anajua mazoezi, mwili wake mwepesi, siyo kama wabeba mizigo wengine wanaotembea kama kabati lililopewa miguu. Wengine ni nani? Ua ule mbeba mizigo ni mmoja, naye ndiye anayekuandikia barua hii.

Asubuhi nikaenda kwa Tajiri nikamwambia nataka vyuma. Akauliza mteja ni nani. Nikasema mimi. Akanitazama kuanzia viatu, akaniuliza tangu lini samaki ananunua maji. Muuzaji naye akauliza nipelekewe nyumbani au nitawaita wabebaji. Wakacheka mpaka Tajiri akavua miwani. Muuzaji alipomaliza kucheka akanishauri vizuri, nikubali hilo. Akasema nianze na vile vidogo, ninunue na mkeka, mkono usiozoea kwenda juu unafundishwa polepole. Nikamwambia mimi ni mtu wa majokofu, asinifundishe uzito. Nikachagua vile vikubwa vyeusi. Sikupima, sikujaribu. Nilichagua kama mtu anayechagua jiwe la kumpigia mwenzake.

Jioni nikafungua mlango wangu wote. Nikavua shati. Nikasimama kizingitini, ubavu nimeuelekeza kwa Fundi, ili kabati lionekane. Sasa usikilize kosa langu. Mzigo tunaubeba kwa magoti na mgongo, unakaa mwilini, huuchezei. Chuma kile kinataka mkono uende juu peke yake, na macho yatazame mbele. Cha kwanza kikapanda, cha pili kikapanda, vizuri tu. Hapo nikasikia Redio amesema kitu kule ndani, na Fundi akacheka kwa pua. Nikageuza shingo nione. Vyuma viko juu ya kichwa, kiuno kinatazama huku, macho yanatazama kule. Nikasikia kitu kimekatika mgongoni kama uzi.

Nikashuka na vyuma vyangu. Sikupiga kelele. Nilikaa pale sakafuni nimeegemea kwa kiwiko, nikajifanya napumzika. Jirani akapita akaniuliza vipi, nikasema safi. Nilikaa hivyo mpaka Redio alipotoka kwa Fundi kwenda kwake. Akaniona, akaona na vyuma. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona siinuki, kicheko kikamkatika. Akaniweka mgongoni mwake, yule mwembamba, akaniingiza ndani. Njiani akawa anasema: kizingiti, meza, kitanda hiki hapa. Nilitamani anipige kuliko kunibeba.

Hospitali wakasema msuli, nilale, kisha nifanye mazoezi mepesi. Redio akamwambia Tajiri nina homa, ili nisichekwe. Akawa anafanya kazi yake na yangu na kibarua wa kukodi asiyejua kona. Jioni anapita kuniona, mikono imechubuka. Wema wake uliniudhi kuliko ubaya wowote. Mtu ukimwonea wivu unataka awe mbaya, akikataa kuwa mbaya anakuonea.

Siku ya tatu Fundi akaja na mkeka kwapani. Ule mkeka niliomwambia mimi anunue. Kumbe alirudi dukani akaununua kimyakimya siku ambayo sisi tuko safari. Na siyo mpya. Umelika pale kwenye visigino na pale kwenye kiuno, mtu ameulalia kila siku. Sikuuliza. Lakini nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akautandika chini, akasema mtu wa viungo alimfundisha ya kiuno, na mimi nitayafanya nitake nisitake. Lala chali. Leta goti kifuani. Pumua. Usipumue kama unasukuma lori.

Ikawa kila jioni. Nikaanza kungoja jioni. Na Redio naye anafika, kwa sababu yeye sasa baiskeli yake ni mimi.

Basi jioni moja goti langu moja limegoma. Fundi akamwomba Redio anishike mguu huu, yeye ashike ule. Fikiria, Dada. Nimelala chali kama mbuzi anayepimwa, mguu mmoja anao Fundi, mguu mwingine anao Redio, na juu yangu wanaongea. Redio anamwambia baiskeli yake imeanza kulia kwenye mnyororo, kesho ataleta mafuta. Fundi anasema afadhali, na kile kiti kimeshuka tena. Na wote wawili wanasukuma.

Nikamwambia Redio aachie mguu wangu. Akaachia. Nikamwambia na kile chumba akiachie. Akauliza chumba gani. Nikasema anakijua. Fundi hakuachia mguu aliokuwa ameushika. Akaniuliza chumba chake mimi kinanihusu nini. Nikasema nataka ile baiskeli itoke mle. Akauliza iende wapi. Nikasema ije kwangu, mafuta nitaitia mimi, na kiti nitakikaza mimi, na kile kitambaa cha bluu kitolewe kishonwe kingine. Akaniuliza, baiskeli ina mwenyewe, inakuja peke yake? Nikasema haiji peke yake.

Hivyo ndivyo nilivyosema, Dada, chini, chali, goti kifuani. Sijui wanaume wengine wanasema wakiwa wamekaaje.

Fundi akanishusha mguu taratibu, akaukunja mkeka. Akasema tumetazamana milango muda wote huu na mimi namsalimu kama ninavyosalimu lori. Akasema siku ile dukani aliniuliza mimi, na mimi nikamwambia mvivu. Redio anaongea, naye akamwacha aongee, maana mtu akikaa na cherehani kutwa anataka sauti nyingine. Kuhusu mimi na yeye akasema neno moja tu. Akasema kununa si posa. Mwenye nia alete watu wake, wakae, waseme, naye atajibu mbele yao, na jibu lake hajaniambia. Akatoka na mkeka wake.

Redio alikuwa bado amesimama. Akachukua kofia yake akaenda.

Kesho yake alikuja kabla ya kazi, akakaa mlangoni. Akaniambia mjomba wake alikuwa aje mwisho wa mwezi, kwa jambo hilohilo. Amempigia amwambie apumzike. Nikamwuliza kwa nini. Akasema Fundi alipoambiwa habari ya mnyororo alimjibu Redio, lakini macho yalikuwa kwangu. Akasema yeye ndiye mtu wa kutazama mbele, hivyo vitu anaviona. Hakunipa mkono. Akaenda kazini.

Ungedhani hapo wivu ungekwisha. Haujakwisha. Redio haongei tena. Nimerudi kazini, kazi nyepesi, na anasema kona, ngazi, basi. Uani haji. Na Fundi amegundua. Juzi anatundika sare kwenye kamba, akaniuliza Redio yuko wapi siku hizi. Nikasema yupo. Akasema maskini Redio. Dada, mwanamke akishaanza kumwita mwanamume maskini, usilale. Afadhali alipokuwa anamchekea. Kicheko kinakwisha, lakini maskini inakaa rohoni.

Sasa nifike nilipokuwa nakimbia toka mwanzo wa barua hii.

Siku ile tulipogawa nguo za marehemu mke wangu, wewe ulisema mbele ya watu kwamba mwanamke kama yule hazaliwi mara mbili, na siku utakayosikia nimeingiza mwingine, usiitwe. Sikukujibu. Ulikuwa unalia, na ulikuwa na haki. Yeye kwako hakuwa wifi tu, mlikuwa mnakula sahani moja. Nami nilidhani sitahitaji kukujibu kamwe.

Unajua nilivyokuwa na wivu naye. Ulikuwa unanicheka. Nilimwonea wivu muuza mkaa, nilimwonea wivu kinyozi, nilimwonea wivu mpaka shemeji siku ile alipomsifia mchuzi. Alipokufa wivu ule ulikoma siku moja. Nikaona watu wanaoa, wanaachana, wanapita na wake zao, mimi sina habari. Nilidhani tumemzika nao. Nilitembea miaka hii minne kama nyumba iliyokatiwa umeme. Na ule usiku wa kitambaa cha bluu, nilipolala nikagaagaa kwa hasira ya shati bovu la mtu, katikati ya hasira nikashtuka. Nikajiambia, kumbe nipo. Sikufurahi, niliogopa. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa marehemu, maana yeye angenicheka.

Simleti mtu mahali pake. Mahali pake pana ukuta wake. Huyu namtaka kwa ajili yake mwenyewe, na kwa cherehani yake, na kwa vile anavyosema neno moja na kunyamaza.

Binti yangu sijamwambia. Nimeanza na wewe. Baba hayupo, mama hayupo, mkubwa ni wewe. Ninakuomba uje unisemee. Na usipotaka kuja kwa furaha, njoo kwa hasira, unigombeze kwanza mimi chumbani, hata siku nzima, nitakaa nikusikilize, kisha tuvuke ua pamoja. Njoo na shemeji kama kikohozi kinamruhusu.

Na nikuambie jambo jingine ili usichelewe. Juzi Redio alinisimamisha ghalani. Akasema mimi sina ulimi na ndugu zangu wako mbali, na mambo haya yakikaa yanachacha. Amejitolea awe mshenga wangu. Akasema amekuwa macho yangu miaka yote hii, basi awe na mdomo wangu kwa siku moja. Alisema kwa moyo mweupe, nilimwona machoni. Nilishukuru, nikakataa. Najua moyo wake mzuri, ila najua na mdomo wake. Ataanza kuniombea mimi, atanogewa, na akifika mwisho atakuwa amejiombea mwenyewe. Na Fundi atasema maskini.

Msalimie sana shemeji, mwambie anywe dawa, aache kukificha kikohozi. Wasalimie watoto na majirani wote wa huko, hasa bibi wa nyumba ya pili kama bado ananikumbuka. Mgongo wangu usiwe na wasiwasi nao. Nikipata jibu lako, hata kama ni matusi, nitalisoma lote.

Ukifika, chumba cha Fundi ndicho kinachotazamana na changu, chenye pazia la kijani. Ukimkuta Redio mlangoni, msalimie vizuri, ni rafiki yangu. Kisha ukae katikati yao mpaka nije.

Ni mimi mdogo wako,
Kabati